Mimi na Gorogoro

Asubuhi, lango la jengo letu kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, huwa na foleni mbili: wanaume kushoto, wanawake kulia. Kila foleni ina askari wake, na kila askari ana kile kifaa cheusi cha kupitisha mwilini ambacho hulia pii kikikutana na funguo. Watu hupita hapo wakifikiria chai. Mimi kwa miaka mitatu nilikuwa nashuka matatu dakika kumi kabla ya wakati, nasimama karibu na muuza magazeti na kupanga namna ya kuvuka zile hatua chache za saruji.

Mimi ni mwanamke wa trans. Yaani nilipozaliwa mkunga alisema mvulana, na tangu nianze kujijua sijawahi kuafikiana naye. Lakini mwaka 2017, nilipoanza kazi hapa, kitambulisho, sauti na viatu vyangu vyote vilikuwa vya foleni ya kushoto.

Dawa niliyoipata ilikuwa kugeuka mashine, na ilikuwa na kanuni zake. Nguo ni za kijivu. Mikono isiruke ninapoongea. Sauti isipande wala isishuke, iwe kama ya ile mashine ya benki inayokukumbusha kuchukua kadi yako. Nikicheka, iwe pumzi moja tu puani. Na nisinywe maji baada ya saa mbili asubuhi, kwa sababu ghorofa yetu ina milango miwili ya choo na hakuna wa tatu. Nikizidiwa nilikuwa nashuka ngazi, navuka hadi kituo cha mafuta. Choo cha pale ni kimoja, ufunguo wake umefungwa kwenye kipande cha mti, na hakuna anayejali unaingia ukiwa nani bora ulipe shilingi 10.

Mashine haihitaji maji, ila figo zinayahitaji. Mwaka 2018 nilitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara mbili. Mara ya pili daktari aliniuliza, kwa upole tu, "Kwani kazini kwenu hakuna maji?" Nikasema yapo. Akasubiri niendelee. Sikuendelea.

Kazi yenyewe ni uhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini na kuisafirisha kwa malori hadi Malaba na ng'ambo ya mpaka. Mimi ndiye ninayepokea risiti za madereva: dizeli, pancha, malazi, na zile karatasi za mizani za Mlolongo, Gilgil na Webuye. Nikizipitisha, dereva anarudishiwa pesa alizotoa mfukoni. Nikizikataa, ananuna hadi mwisho wa mwezi. Kila tarehe 9 kodi ya mishahara lazima iwe imefika KRA, mamlaka ya ushuru, tarehe 20 ni VAT, kodi ya mauzo, na siku za katikati ni kelele za watu waliopoteza risiti. Ni kazi ya mashine, na niliipenda kwa sababu hiyohiyo. Mtu akikupa risiti anatazama mkono wako, hatazami uso.

Gorogoro alizaliwa Julai 2019. Dereva mmoja alileta risiti ya dizeli iliyolowa chai mpaka tarakimu zimeyeyuka. Badala ya kuandika barua pepe, nilichukua vile vikaratasi vya njano vya kubandika nikachora roboti anayetiririka matone, nikaandika chini: "Gorogoro amelowa. Anaomba nakala." Kesho yake nakala ililetwa, na pamoja nayo andazi limefungwa kwenye gazeti. Andazi la Gorogoro, si langu. Dereva alisisitiza.

Kwa nini gorogoro? Nimekulia Kitale. Mama yangu anauza mahindi na maharagwe sokoni, na kipimo chake ni gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro 40 na kitu, na faida ya muuzaji iko kwenye hiyo "na kitu". Wenye tamaa hubonyeza kitako cha kopo kwa jiwe hadi kiingie ndani. Kwa juu linafurika vizuri, mnunuzi anaona mlima wa mahindi anafurahi, kumbe chini ameshapunjwa viganja viwili. Mama alinifundisha kupitisha vidole chini ya kopo kabla ya kununua kwa mtu yeyote. Kopo lake mwenyewe halikuwa na kibonyeo. Roboti wangu nilimchora tumbo la kopo, miguu ya waya kama magari tuliyotengeneza utotoni, na kitako kilichobonyea. Hicho kitako sikukipanga. Mkono ulikichora tu, na miaka mitatu ikapita kabla mtu hajakiona.

Baada ya mwezi mmoja Gorogoro alikuwa kila mahali. Alikaa juu ya kompyuta yangu, kwenye jokofu ("Gorogoro anajua nani amekunywa maziwa"), na kwenye kasha la katoni kibandani kwa askari ambamo madereva wanaofika usiku huacha karatasi zao: "Gorogoro hula risiti. Hongo humvimbisha tumbo." Watu walianza kumsalimia kabla yangu. Ameamkaje leo? Amepitisha zangu?

Hapo ndipo nilipoona jambo linalonifurahisha hadi leo. Shuleni tulifundishwa ngeli, na mashine kama roboti ungeipeleka I-ZI bila mabishano. Lakini hakuna dereva aliyewahi kusema Gorogoro imekasirika. Wote, bila mwalimu, walimpeleka A-WA: amekasirika, ameshiba, anatudai. Walimpa utu, na A-WA ikishakupa utu haikuulizi swali lingine. Mkubwa wetu huendesha mikutano kwa Kiingereza, lugha inayokulazimisha kuchagua jinsia ya mtu kila unapomtaja, na kila alipochagua yangu nilijikunja kidogo kwenye kiti. Kwa madereva nilikuwa "yeye" tu. Sisemi Kiswahili hakina mitego. Kuna kaka, dada, kijana, mrembo, na makanga hajawahi kuniacha nishuke bila kunitupia mojawapo. Ukiniuliza, neno lenye amani kuliko yote katika mji huu ni "bosi".

Niliwahi kusoma kwamba neno roboti lilitoka kwa Wacheki mwaka 1920, kwenye tamthilia ya Karel Čapek, na kwamba robota kwao ni kazi ya shokoa, yaani ya kulazimishwa. Miaka hiyohiyo, huku kwetu, serikali ya kikoloni ilikuwa inaanza kuwavisha wanaume Waafrika kipande, hati ya kazi yenye alama za vidole, ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wazee wa nyumbani bado huita kitambulisho kipande. Tangu nisome hayo, kila nikitoa kitambulisho langoni nahisi uzito wa bati.

Machi 2020 corona ikaingia nchini na ofisi ikatutuma nyumbani. Mikutano ilihamia kwenye kompyuta, kamera zikazimwa kuokoa bando, na pale penye picha nikaweka Gorogoro. Kwa miezi kumi na tano wenzangu walizungumza na kopo. Na nyuma ya kopo, chumbani kwangu Kayole, mimi nikaacha kuwa mashine. Nilivaa nilichotaka. Niliweka jagi la maji mezani nikalimaliza kila siku. Kila Jumatatu nilikuwa nasoma hesabu za dizeli za wiki mbele ya kikao kizima, na nilizisoma kwa sauti niliyokuwa nikiifanyia mazoezi usiku, nikiipandisha kidogo kidogo, kama mtu anayechochea moto chini ya maziwa akichunga yasifurike. Hakuna aliyesema lolote. Labda waligundua wakadhani ni mtandao.

Habari za dawa na hospitali sitaziandika. Hizo ni zangu na daktari, na nimeona watu wakishaanzia hapo hawakuulizi tena kitu kingine chochote.

Suala la jina lilikuwa refu zaidi. Kwamba njia ipo nilijua kwa sababu ya Audrey Mbugua. Oktoba 2014 nilikuwa chuoni, tukitazama habari kantini, Mahakama Kuu ilipoliamuru baraza la mitihani limpe cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, chenye jina lake jipya na kisichokuwa na alama ya jinsia. Meza yetu ilicheka sana. Mimi niliinuka nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Miaka minane baadaye nikawa kwa wakili, nikaapa, nikatia sahihi, nikalipa, na Ijumaa moja ya 2022 nikajisoma katika Gazeti Rasmi la Serikali, katikati ya matangazo ya mirathi na hati za mashamba zilizopotea. Jina lilibadilika. Herufi ya jinsia kwenye kitambulisho ilibaki palepale.

Laini ya simu nilichelewa kuibadilisha, na hiyo ilinipa kisa. Karibu na ofisi kuna mama wa kibanda anayeuza maharagwe na chapati. Nikamlipa kwa M-Pesa, simu yake ikalia, akasoma jina kwa sauti, akaniangalia gauni, akasoma tena.

"Hii ni simu ya bwanako?"

Wateja walikuwa sita kwenye benchi. Nikasema ndiyo.

"Mwambie asante. Wengine wao hata maji hawakununulii."

Kwa miezi miwili nikawa mke wa jina langu la zamani. Alikuwa mume mzuri, lazima niseme. Alilipa chakula kila siku na hakuwahi kurudi amelewa. Nilipohamisha laini, yule mama alinipa pole na kuniongezea chapati ya pili bure.

Kazini, mkubwa alisikiliza bila kuinua macho kwenye kalamu yake, kisha akatuma barua pepe ya mistari mitatu kwa wafanyakazi wote, jina langu jipya likiwa limekosewa herufi moja. Nilipewa ufunguo wa choo cha wageni kule chini. Si haba. Wengine walinyamaza, wengine wakawa wapole kupita kiasi, jambo ambalo linachosha kwa namna yake. Mzee mmoja, dereva wa njia ya Malaba, aliingia na bahasha yake akaniangalia kwa muda.

"Ni wewe bado unapitisha?"

"Ni mimi, mzee."

"Haya basi. Hapo kuna pancha mbili na mizani."

Naye Gorogoro? Nilikuwa nimepanga kumstaafisha. Nilidhani kazi yake ilikuwa kunificha, na kwa kuwa sijifichi tena, apumzike. Niliacha kumchora wiki mbili. Risiti zikaanza kuchelewa. Wenzangu ambao hawakujua waseme nini na mimi walisimama mezani wakatazama ile nafasi tupu juu ya kompyuta, wakaondoka. Ndipo nikaelewa kwamba hata wao walikuwa wanajificha nyuma yake. Kuniuliza "u hali gani?" ghafla kulikuwa kumekuwa mzigo, lakini kuuliza kama Gorogoro amelala vizuri kulikuwa rahisi. Nikamrudisha.

Halafu ikaja Februari 2023. Tarehe 24 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu wa mapenzi ya jinsia moja wana haki ya kusajili shirika lao, na wiki zilizofuata nchi nzima ilikuwa na maoni. Ofisini pia. Watu ambao hawatofautishi kesi hiyo na maisha yangu walijadili vyote viwili kwa sauti ya kutosha kunifikia. Asubuhi moja nilikuta Gorogoro wa kwenye jokofu amechorwa ndevu na sketi. Kalamu nyekundu, mistari iliyokazwa hadi karatasi ikachanika. Nilisimama pale na kikombe mkononi na mwili wote ukarudi kwenye kanuni za zamani: mikono isiruke, uso usiseme.

Yule mzee wa Malaba akaingia kutafuta maziwa. Akaegemeza miwani, akaichunguza ile picha.

"Leo amevaa vizuri," akasema. "Kuna harusi?"

Hakuwa anafanya mzaha, wala hakuwa ananitetea. Alidhani nimemchora mimi. Akachukua maziwa akaenda zake. Aliyechora sijamjua hadi leo, ingawa nina dhana, na dhana hiyo huwa nakutana nayo kwenye lifti. Karatasi sikuibandua. Ilikaa hapo mpaka gundi ikachoka yenyewe.

Mama yangu nilimwambia mapema zaidi ya wote hawa, Desemba 2021, kule Kitale, tukichagua maharagwe kwenye ungo. Nilisema yote niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye basi. Aliendelea kutoa vijiwe. Ungo ulipokwisha aliuliza swali moja tu:

"Na mimi sasa nitaitwa nani?"

Nilikasirika. Nimekuja na moyo mkononi, yeye anawaza jina lake. Nilirudi Nairobi kesho yake na hatukuongea kwa miezi minane.

Mimi ni kifungua mimba wake. Jina langu la zamani silitaji, kwa hiyo tuseme tu kwamba kwa miaka 28 sokoni aliitwa Mama Fulani, na Fulani ni mimi. Kwa jina hilo alikopeshwa magunia na watu wa jumla. Kwa jina hilo aliandikwa kwenye daftari la chama, akaitwa msibani, akapangiwa zamu kanisani. Jina alilobatizwa wanalijua dada zake na karani wa hospitali. Mimi nilikuwa nimepata langu moja la kubadilisha, nikalipia, likachapishwa gazetini. Lake nililichukua nalo, na hakukuwa na fomu yake.

Haya sikuyafikiri siku ile. Niliyafikiri polepole, hasa siku za tarehe 9 nikisubiri mtandao wa kodi ufunguke.

Agosti 2022 sikuwa na la kumwambia, basi nikampiga picha Gorogoro akiwa amebeba gunia la mahindi kichwani, nikamtumia kwa simu bila neno. Ikapita siku nzima. Usiku jibu likaja:

"Mbona kitako chake kimebonyea?"

Nikakitazama. Kweli kilikuwa kimebonyea, na kilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, kwenye karatasi mamia. Nikajibu kwamba fundi alikosea. Akaandika: "Mnyooshe. Atapunja watu."

Tangu hapo namchora akiwa na kitako bapa. Na tangu hapo mama alianza kumuulizia. Gorogoro amekula? Huko Nairobi mvua imemnyeshea? Anashika kutu? Mwaka mzima hakunitaja kwa jina lolote, la zamani wala jipya, na kila jioni alitaka kujua hali ya kopo. Nilimjibu kwa niaba yake kwa uaminifu ambao sikuwahi kuutumia nikijisemea mwenyewe. Amelia kidogo leo, mama. Ameshonewa gauni. Ameenda upande wa kulia langoni.

Hilo la kulia lilitokea Jumanne isiyo na sababu yoyote. Miguu ilienda tu. Askari wa kike alinyanyua kile kifaa, akasita, akatazama mwenzake wa kushoto, ambaye aligeuka kutazama barabara. Niseme wazi kwamba kusita kule si jambo dogo. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliamua kwamba mwanamke mmoja wa trans alivunjiwa haki zake alipokaguliwa mwili akiwa kizuizini, na niliposoma habari hiyo nilihisi saruji ya lango letu chini ya viatu. Lakini asubuhi ile kifaa kilishuka begani, kikafika kiunoni, kikalia pii.

"Ni nini hiyo?"

"Funguo."

"Bati hilo," akasema, akiashiria picha ya Gorogoro kwenye lile kasha la risiti. "Pita, Gorogoro. Unazuia watu."

Mwaka 2024, wiki ya mwisho ya Agosti, simu ya mezani ililia kutoka langoni. Yuleyule askari, akijaribu kutocheka.

"Shuka. Kuna mama hapa ametoka Kitale na basi la usiku. Tumemuuliza anamwona nani, anasema Gorogoro."

Nilishuka ngazi bila kungoja lifti. Mama alikuwa amesimama kando ya meza ya kitabu cha wageni, leso kiunoni, kiroba cha njugu miguuni, anabishana na askari wa kiume.

"Mama, hapa tunaandika jina lililo kwenye kitambulisho."

"Nambari nimeandika. Si hiyo ndiyo mnataka?"

Nikainama nikasoma. Saa ya kuingia, 2:40 asubuhi. Nambari ya kitambulisho, sawa. Simu, sawa. Na kwenye safu ya jina, kwa ule mwandiko wake wa daftari la madeni: Mama Gorogoro.

Sikupata la kusema, na yeye hakunipa muda wa kulitafuta. Alichutama, akatoa kwenye kiroba kopo jipya la kilo 2, limeoshwa, karatasi ya tangazo imebanduliwa hadi bati linang'aa, na ndani limejaa njugu hadi juu. Akanikabidhi. Nikalipokea kwa mikono miwili na, kwa mazoea tu, nikapitisha vidole chini yake.

Akanichapa kofi la mkono mbele ya foleni zote mbili.

"Unanikagua mimi?"